Kebo ya Kempa Huficha Ugonjwa Wake

Kebo nyingi mbovu ninazoletewa karakanani huja zikiwa safi. Ganda la nje halina mkwaruzo, pini za plagi zimenyooka, na mwenye mali ananihakikishia kwamba umeme unapita. Anasema kweli. Umeme unapita, na kwa kuwa unapita hana sababu ya kuishuku kebo yake mpaka siku plagi itakapoyeyukia ndani ya soketi. Makala hii naiandika kwa ajili ya siku zilizo kabla ya hiyo.

Mimi ni fundi umeme. Kazi hii nilijifunzia Tanga, nikafunga nyaya za nyumba kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, na sasa natengeneza kempa huku Yuma, mji wa jangwani kwenye kona ambako jimbo la Arizona linapakana na California na Mexico. Kempa, kwa asiyeijua, ni nyumba ndogo juu ya magurudumu. Nyingine huvutwa na gari, nyingine zina injini zake. Ndani mna kitanda, jiko, choo, jokofu na kiyoyozi. Kila majira ya baridi wazee wa majimbo ya kaskazini na wa Kanada huteremka kwa maelfu kuja kuota jua letu. Lakini si wazee hao tu. Nawahudumia pia ndugu zetu wanaosema Kiswahili, hasa wauguzi kutoka Kenya. Muuguzi wa mkataba hapa Marekani kwa kawaida huajiriwa kwa wiki 13, kisha huhamia hospitali nyingine katika mji mwingine, na wapo walioona heri wanunue kempa kuliko kutafuta nyumba ya kupanga kila baada ya miezi mitatu. Kwao kempa si ya likizo. Ndiyo nyumbani, na watoto wanalala humo.

Kempa ikifika kambini huegeshwa kwenye kiwanja chenye kisanduku cha umeme juu ya nguzo fupi. Mwenyewe anatoa kebo, anaichomeka kwenye nguzo, maisha yanaanza. Kebo hiyo moja ndiyo inayobeba umeme wa nyumba nzima. Iliyozoeleka zaidi ni ya ampia 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Plagi yake ina pini tatu, na ndani mna nyaya tatu: mweusi ni laivu, mweupe ni nyutro, wa kijani ni ethi. Kempa kubwa hutumia kebo ya ampia 50 yenye pini nne, ambayo nitaifikia kwa sababu ina hatari yake ya peke yake.

Hapo kwenye rangi naomba tusimame kidogo, maana msomaji anaweza kuwa ni fundi wa nyumbani aliyekuja kumtembelea mwanawe. Sisi tuliofundishwa kwa mfumo wa Waingereza tulijua nyekundu ni laivu, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Baadaye zikaja kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Ukifungua soketi za nyumba kongwe za Tanga, Mombasa au Unguja, mweusi bado ni nyutro. Marekani mweusi ndio laivu. Fundi hodari wa Kariakoo akimsaidia shemeji yake kubadilisha plagi ya kempa kwa mazoea ya mkono, anaweza kugeuza laivu na nyutro, na taa zitawaka vizuri kabisa. Kwa hiyo mzee wangu, kaka yangu, kabla hujashika bisibisi huku ugenini, sahau kwanza rangi ulizozizoea.

Tofauti ya pili ni volti, na hii ndiyo inayofanya kebo ya kempa ihitaji uangalifu kuliko nyaya nyingi tulizozijua nyumbani. Joto linalozaliwa mahali penye ubovu hutokana na mkondo uliozidishwa kwa wenyewe, kisha ukazidishwa kwa ukinzani wa mahali hapo. Tuseme pini moja ya plagi imelegea na kuleta ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu. Kwa volti 240 mzigo wa wati 3,600 huvuta ampia 15, na hapo penye ubovu hupatikana joto la wati 22.5. Kwa volti 120 za Marekani mzigo ule ule huvuta ampia 30, na joto linakuwa wati 90. Ubovu ni ule ule, joto ni mara nne. Na breka haitakatika, kwa sababu mkondo haujazidi ampia 30. Breka inaulinda waya dhidi ya mzigo mkubwa kupita kiasi. Pini iliyolegea upande wa pili wa soketi haiijui.

Kufikia karibu na hizo ampia 30 si kazi ngumu. Kiyoyozi cha juu ya paa kikiwa kinafanya kazi huvuta ampia 12 hadi 15, heta ya maji ya kuoga ampia 12, maikrowevu ampia 12 au 13. Mama anapasha chakula kwenye maikrowevu mchana wa joto kiyoyozi kikiwaka, na tayari kebo iko karibu na kikomo chake.

Sasa ubovu unajifichaje? Ndani ya kila waya wa kebo hii hamna shaba moja nene. Mna nyuzi nyembamba zaidi ya 100 zilizosokotwa pamoja ili kebo ipindike kwa urahisi. Juu yake kuna ngozi ya plastiki ya kila waya, na juu ya zote tatu kuna ganda la nje ambalo ni laini na linanyumbuka. Gari likipita juu ya kebo, ganda hubonyea kisha hurudi lilivyokuwa, lakini nyuzi za shaba zilizokatika hazirudi. Mlango wa sanduku la kempa ukiibana kebo, ni hivyo hivyo. Panya wakila plastiki wakati kempa imehifadhiwa ghalani, mara nyingi huanzia upande wa chini usiotazamwa na mtu. Na sehemu inayoumia kuliko zote ni shingo ya plagi, pale kebo inapoingilia kichwa, kwa sababu kila anayechomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika kichwa anakunja nyuzi zile zile mahali pale pale. Nyuzi huanza kukatika moja moja. Zinazobaki hubebeshwa mzigo wa zilizokufa, hupata joto, joto huikausha plastiki, na hewa ikiingia shaba hubadilika kuwa nyeusi. Hayo yote yanatokea ndani ya kichwa cha plagi kilichotengenezwa kwa kumiminwa, ambacho huwezi kukifungua bila kukikata.

Hapa ndipo mita inapowapotosha watu wengi, hata mafundi. Mtu anachukua mita, anagusa pini ya huku na pini ya kule, mita inalia, naye anasema kebo nzima. Mita ile hupitisha mkondo mdogo sana, ambao uzi mmoja wa shaba unatosha kuubeba bila taabu. Tuseme kwenye shingo ya plagi nyuzi zote zimekatika isipokuwa mmoja. Ukinzani wa kipande hicho cha sentimita moja ni sehemu tatu au nne tu za elfu moja ya omu, na mita ya kawaida ya mkononi haina uwezo wa kuuona. Italia kwa furaha ile ile. Kisha utawasha kiyoyozi na maikrowevu, ampia 25 zipite kwenye uzi usiofika hata unene wa sindano ya kushonea. Kwa hiyo mita ikisema kebo imekatika, iamini. Ikisema ni nzima, bado hujajua kitu.

Dada mmoja wa Kisii, muuguzi wa zamu ya usiku, alinipigia simu mwezi wa Julai, wakati joto la Yuma linapita nyuzi 40 karibu kila siku.

“Dada fundi, pole kwa kukusumbua Jumapili. Nikilala mchana na kiyoyozi kikiwaka, kuna harufu inanijia. Kama ya samaki.”

“Ya samaki, au ya kitu kinachoungua?”

“Samaki kabisa, aliyeanza kuharibika. Nimetoa takataka zote, nimeosha jokofu, haiishi.”

“Nenda kazime breka ya nje, ile ya kwenye nguzo. Plagi usiiguse. Nakuja, dada yangu.”

Harufu hiyo kila mwenye kempa, na hata kila mwenye nyumba, anapaswa kuijua. Baadhi ya plastiki zinazotumika kwenye vifaa vya umeme zikipata joto kupita kiasi hutoa harufu ya samaki kabla hazijatoa moshi. Ukiisikia na jikoni hamna samaki, anza kutafuta plagi yenye moto.

Kebo yake ilikuwa nzuri kwa macho, isipokuwa alama hafifu ya kahawia pembeni mwa pini moja. Mita ilisoma nyaya zote tatu kuwa sawa. Nikashika shingo ya plagi, nikaikunja taratibu kila upande huku mita ikiwa imeunganishwa. Mweusi ukatulia, kijani ukatulia. Mweupe, nilipoukunja kuelekea chini, ukaruka hadi omu mbili, kisha ukarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Nikakata pale pale. Nyuzi zote za ule waya mweupe zilikuwa zimekatika na kuwa nyeusi kama masizi, zikipitisha umeme kwa kugusana tu. Nilimuuliza anachomoaje kebo mkataba unapokwisha. Akanionyesha kwa mikono bila kusema: anashika waya, anavuta.

Kipimo hicho cha kukunja ndicho ninachotaka kila mtu akifanye nyumbani, na hakihitaji fundi. Kebo iwe imechomolewa pande zote mbili, kwenye nguzo na kwenye kempa. Itandaze yote chini mchana wa jua, ifute kwa kitambaa chenye unyevu ili vumbi lisifiche kitu. Kisha ipitishe mkononi polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, ukiizungusha. Vidole vinajua mambo ambayo macho hayajui. Mahali palipobonyea, palipovimba, palipo laini kuliko pengine au palipokauka na kuwa pagumu, weka alama ya chaki. Ugumu karibu na plagi ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu maana yake plastiki imepikwa. Weka mita kwenye kipimo cha omu, si kile cha kulia, kwa maana masikio hayawezi kutofautisha sifuri na omu mbili. Unganisha waya mmoja, halafu mtu wa pili akunje kebo kwenye kila alama na kwenye shingo za plagi zote mbili. Namba ikitikisika, kebo ni mbovu. Rudia kwa nyaya zote. Mwisho, pima kati ya waya na waya: hapo mita isisome chochote, hata kebo ikikunjwa.

Fundi mwenye mega anaweza kwenda mbali zaidi. Mega hupeleka volti 500 kwenye kebo iliyochomolewa na kupima kama ngozi ya plastiki bado inazuia umeme kuvuja. Kwangu mimi kebo inayosoma chini ya megaomu moja haitoki karakanani. Lakini usiiweke mega kwenye kebo iliyounganishwa na kempa, utaua vifaa vya elektroniki vilivyomo.

Kebo iliyopita vipimo hivyo ikiwa imelala chini, sasa ipimwe ikiwa kazini. Nunua voltimita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi, ambayo haikulazimishi kugusa waya wowote. Ichomeke ndani ya kempa na usome volti wakati hamna mzigo. Tuseme ni 121. Washa heta ya wati 1,500 kwenye soketi nyingine, iliyo chini ya breka nyingine ya ndani, ili nyaya za ndani ya kempa zisikuchanganyie hesabu. Heta hiyo huvuta ampia 12.5. Kebo nzima ya futi 30, yaani mita tisa hivi, hupoteza chini ya volti moja kwa mzigo huo. Nyaya za kambi nazo hupoteza kiasi chake, kwa hiyo kushuka kwa volti mbili au tatu hakunishtui. Kanuni za umeme za Marekani, zinazojulikana kwa herufi NEC, hushauri upotevu kwenye saketi usizidi asilimia 3, ambazo kwa volti 120 ni volti 3.6.

Namba ikishuka hadi 115, usiilaumu kebo bado. Nguzo nyingi zina soketi ndogo ya ampia 20 pembeni. Ihamishie voltimita yako hapo huku heta ikiwa inawaka ndani, kisha mwambie mwenzako aizime na kuiwasha. Nguzo nayo ikishuka vile vile, tatizo ni la kambi, nenda ofisini kwao uombe kiwanja kingine. Nguzo ikitulia huku ndani volti zinazama, zinapotelea kwenye kebo yako au kwenye maungio yake. Na volti hazipotei bure. Volti 5 zilizopotea kwa ampia 12.5 ni zaidi ya wati 60 za joto, sawa na balbu ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa ikiunguza vidole, ikiwaka ndani ya plagi isiyozidi ukubwa wa ngumi.

Baada ya nusu saa ya mzigo, pima joto la plagi kwa kile kipimajoto kama bastola ambacho wengi tulikizoea wakati wa Uviko. Uvuguvugu ni wa kawaida. Plagi ambayo mtu hawezi kuivumilia mkononi si ya kawaida, na upande mmoja wa plagi ukiwa na joto kuliko mwingine, hapo ndipo pini mbovu ilipo. Huku kwetu jangwani kipimo hiki nakifanya jua likishazama, kwa sababu mchana plastiki nyeusi hupata joto kali hata ikiwa haina umeme. Pima pia ule upande wa kempa, ambako kebo hufungwa kwa kuzungushwa. Watu huusahau kwa sababu huchomolewa mara chache, na kutu ya kijani hujenga makao humo.

Nikiwa kwenye joto, niseme neno juu ya kebo iliyoviringishwa. Utasikia watu wakieleza kwamba kebo iliyobaki katika koili hujigeuza sumaku na kujiunguza. Sivyo. Mkondo unaoenda kwenye laivu na ule unaorudi kwenye nyutro iko pamoja ndani ya ganda moja, na sumaku zake hufutana. Kinachotokea ni kwamba mizunguko inapashana joto na hewa haipiti katikati. Matokeo bado ni mabaya, kwa hiyo itandaze kebo yote unapowasha kiyoyozi, lakini elewa sababu yake, maana kebo iliyofunikwa na zulia au kuzikwa kwenye mchanga ina shida hiyo hiyo bila koili yoyote.

Wengi wananiambia, “Mimi sina wasiwasi, nina kile kifaa cha ulinzi.” Kifaa hicho cha kuchomeka kwenye nguzo ni kizuri na mimi nakipendekeza. Hukata umeme volti zikizama au zikipanda mno, na hukataa nguzo isiyo na ethi. Ila tazama kinapokaa: kati ya nguzo na kebo yako. Kinaikagua kambi. Kebo iko nyuma yake, na ubovu wa kebo kinaweza kisiuone kabisa. Aina inayofungwa ndani ya kempa ndiyo inayoona volti zilizofika baada ya kupita kwenye kebo, na mtu anayeishi kwenye kempa mwaka mzima ningependa awe na hiyo.

Sasa waya wa kijani. Huu nauogopa kuliko wengine kwa sababu hakuna kinachozimika ukikatika. Laivu au nyutro ya kebo ya ampia 30 ikikatika, kiyoyozi kinazima na utamwita fundi. Ethi ikikatika kiyoyozi kinaendelea, jokofu linaendelea, mtoto anaendelea kutazama katuni. Lakini kempa imesimama juu ya matairi ya mpira, haigusani na ardhi kama nyumba, na waya ule wa kijani ndio njia pekee ya uhakika ya kuondoa umeme unaovuja kwenye mwili wake wa bati. Vifaa karibu vyote huvuja kidogo, na heta ya maji yenye ufa mdogo huvuja zaidi. Bila ethi, uvujaji huo wote unakaa kwenye bati, ukimngoja mtu aliyesimama peku kwenye majani mabichi ashike kitasa cha mlango.

Kumdhuru mtu huhitaji umeme kidogo sana. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza kwa miaka mingi ni mkondo kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuachia alichokishika, na mwaka 1961 akabuni kifaa cha kuhisi umeme unaovuja, ambacho leo kiko kwenye bafu na majiko ya Marekani. Vifaa hivyo hukata umeme uvujaji ukifika miliampia 4 hadi 6. Vile vya kule nyumbani kwetu, kwenye mbao za umeme za nyumba, kwa kawaida ni vya miliampia 30. Soketi ile kubwa ya ampia 30 kwenye nguzo, kwa kawaida, haina kinga hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo unapokunja kebo na mita, ethi ipewe muda kuliko nyaya nyingine. Na kempa ikishaunganishwa, kabla ya mtu yeyote kushika bati, tumia tesita ya kalamu, ile inayohisi umeme bila kugusa waya. Mike Sokol, Mmarekani ambaye ametumia miaka mingi kufundisha watu usalama wa umeme wa kempa, ndiye aliyelisisitiza sana jambo hili, na nakubaliana naye kabisa. Vaa viatu vikavu, ijaribu kwanza tesita kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha isogeze karibu na kitasa, ngazi na bati. Ikiwaka, usiguse kitu. Zima breka ya nguzo na uchomoe kebo. Mtu akikuambia “huwa inatetemesha kidogo tu wakati wa mvua,” mwondoe na watoto wake hapo kwanza, mjadala baadaye.

Kebo ya ampia 50 nimeiahidi. Hiyo ina laivu mbili, kila moja ina volti 120 na nyutro, na kati ya zenyewe mna volti 240. Nyutro ndiyo inayozipatanisha. Waya mweupe ukikatika ndani ya kebo, vifaa vya upande mmoja vinajikuta vimeungwa mfululizo na vya upande wa pili kwenye volti 240, na kila upande hupata kulingana na mzigo wake. Upande wenye mzigo mkubwa unaweza kubaki na volti 60, na ule wenye televisheni na chaja za simu ukapata 180. Dalili yake ni taa za upande mmoja kung'aa kupita kawaida huku za upande mwingine zikififia. Ukiona hivyo usitafute sababu. Kimbilia breka kuu, maana vifaa huungua ndani ya dakika. Kwenye kebo hizi, shingo za plagi nazikunja na kuzipima kila kempa inapoingia karakanani, hata kama imeletwa kwa ajili ya bomba la maji.

Ubovu ukipatikana, utepe mweusi wa umeme sio dawa. Utepe unafunika jeraha la ganda, haurudishi nyuzi zilizokatika. Kama ugonjwa uko kwenye shingo, kata kebo kurudi nyuma mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa rangi yake halisi. Ikiwa bado nyeusi, endelea kukata. Kisha funga plagi mpya ya ampia 30 yenye skrubu, kaza kila skrubu vizuri, na kibanio kiishike ganda la nje ili uzito usining'inie kwenye nyaya. Nyuzi usizipake risasi ya kulehemu kabla ya kuzibana, ingawa kuna mafundi wanaoiona kazi safi. Risasi hulegea taratibu chini ya skrubu, na baada ya miezi michache umejitengenezea pini yenye moto. Kama ubovu uko katikati ya kebo, mimi siungi. Nunua nyingine, ukitazama maandishi kwenye ganda: nyaya za geji 10 kwa ampia 30, na herufi W inayoonyesha kwamba inavumilia mvua na jua.

Na ile ya zamani usiiache nzima kwenye pipa la taka. Kambini kuna watu wenye shida kama sisi wote, na kebo nene yenye plagi mbili huokotwa kabla gari la taka halijafika. Kata vichwa vyote viwili, katakata na waya wenyewe vipande vifupi, ndipo utupe.